Dirisha la Paa Likivuja, Ling'oe

Msomaji mmoja wa Kilifi ameniandikia akiuliza kwa nini dirisha la paa la gari lake la kulala linaendelea kuvuja, ilhali fundi amekwisha kulipaka silikoni tena na tena. Swali hilo limenigusa, kwa sababu lilininyima usingizi hapa Malindi masika baada ya masika, na kwa sababu masika ya mwaka huu yamepita bila hata tone moja kuanguka juu ya godoro langu. Kazi hiyo niliifanya kwa mikono yangu, nami najivunia.

Gari langu ni Hiace kuukuu, na dirisha lake ni lile la plastiki linalokaa katika tundu la mraba la sentimita 40 kwa 40. Nililipeleka kwanza katika karakana moja ya mjini. Fundi alipanda juu, akapaka silikoni mpya juu ya silikoni ya zamani, akailainisha kwa kidole, akapokea fedha zake. Mvua za Mei zilipoanza, maji yaliingia vilevile, na nilipokwenda kulalamika niliambiwa mbele ya wateja wengine kwamba mvua ya pwani haizuiliki na kwamba afadhali niliuze gari. Maneno hayo hayajanitoka moyoni.

Nilipoing'oa fremu, silikoni ile iliyokuwa ikimetameta kwa nje ilibanduka kwa vidole, vipande virefu vilivyo safi upande wa chini, maana haikuwa imeshika kitu chochote. Silikoni mpya haishikani vyema na silikoni iliyokwisha kukauka. Tena ile inayonuka siki wakati wa kukauka hutoa asidi inayolila bati, na chini yake nilikuta mstari wa kutu ukizunguka tundu zima, jambo ambalo hewa ya chumvi ya Malindi hulizidisha upesi.

Plastiki hutanuka kwa jua kuliko bati na kunywea usiku, na barabara zetu hulitikisa gari kutwa, kwa hiyo kiungo kigumu lazima kiachane. Maji hupenya kwenye matundu ya skrubu, yakatambaa juu ya dari ya ndani na kudondoka mbali, hivyo tone likianguka juu ya jiko usidhani ufa uko juu ya jiko. (Ukiona matone alfajiri na usiku haukuwa na mvua, huo ni mvuke wa pumzi zenu, fungueni dirisha.)

Basi ling'oe dirisha lote. Fanya hivyo wakati wa kaskazi, Januari au Februari, bati likiwa kavu. Baada ya kutoa skrubu usiichokonoe fremu kwa bisibisi, kwa maana itapasuka. Pitisha mshipi mnene wa kuvulia samaki chini yake na uuvute huku na huku kama msumeno. Kwangua kila kitu cha zamani mpaka bati lionekane, piga msasa penye kutu, paka rangi ya kuzuia kutu na uiache ikauke kabisa. Plastiki ifute kwa sabuni na maji. Petroli na tina huitia nyufa nyembamba zisizotibika.

Waunda majahazi wa Lamu hutoa kalafati iliyochakaa, yaani nyuzi za kuzibia nafasi za mbao, kwanza ndipo wapige mpya, na mtu mwenye gari hana sababu ya kuwa mzembe kuliko wao.

Kinachokwenda chini ya fremu ni utepe wa butili, aina ya mpira unaonata, ambao unabaki laini kwa miaka na kuufuata mwendo wa bati. Paa la Hiace lina mifereji, kwa hiyo ijaze mifereji hiyo kwanza kwa butili mpaka pawe sawasawa, kwani fremu iliyonyooka ikikaa juu ya mfereji huacha mlango wa maji. Zungushia butili kila tundu la skrubu. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa kukabilishana pembe, mpaka butili itokeze pande zote, kisha ikishapigwa na jua la siku moja zikaze tena kwa upole na ukate iliyozidi. Ukitaka kuzibia pembeni kwa juu, soma kopo kwanza, maana baadhi ya gundi za poliyurethani huipasua plastiki ya madirisha haya.

Ndugu zangu, msimlipe mtu anayepanda juu ya gari na bomba la silikoni bila bisibisi. Mwambieni ashuke.

Kabla ya kurudisha dari ya ndani, mwagia maji kwa mpira, ukianzia upande wa chini wa fremu na kupanda polepole, huku mtu akiwa ndani na tochi. Panapolowa kwanza ndipo penye kasoro, na hapo fremu hutolewa upya.