Usinunue hayo mapipa ya taka ya rangi rangi kabla hujasoma hapa

Mkuu, simamisha hiyo oda leo. Unasema jengo lenu la pale Kisasa, Dodoma, lina nyumba 16, kamati imeshakubali mapipa matatu ya lita 240 ya kutenganishia taka yakae uani, na unauliza yawe ya rangi zipi. Rangi si shida yenu. Shida yenu ni maganda ya ndizi.

Nusu au zaidi ya taka za majumbani kwetu ni mbichi: maganda, mboga, ugali uliolala. Zikishachanganyika jikoni, hakuna rangi ya pipa itakayozitenganisha uani. Boksi lililolowa mchuzi mnunuzi wa chakavu halipimi, na makopo yanayonuka anayakataa au anakata bei. Halafu uzito: pipa la lita 240 likijaa taka mbichi linakaribia kilo 100. Kulivuta kwenye changarawe ni kung'oa magurudumu. Chini yanatuama maji machafu, na kwa joto letu yai la inzi huwa funza ndani ya siku moja. Gari likipita mara moja kwa wiki, mnafuga.

Yule jamaa aliyetuuzia mapipa yetu alikuja na picha za Ujerumani. Hakutaja kwamba Mjerumani hutenganisha jikoni kwake kwanza, pipa la nje ni kituo cha mwisho tu. Kamisheni alikula. Sisi mawili tunahifadhia mchanga wa bustani, nadhani ndio mchanga wenye makazi ya kifahari kuliko wote Dodoma.

Kanuni ni moja: MBICHI ITENGWE JIKONI, NA ITOKE KILA SIKU. Kila nyumba iwe na ndoo ya lita 10 yenye mfuniko, isiyo na mfuko ndani, na kiroba kimoja cha taka kavu. Piga hesabu: nyumba 16 zenye watu wanne wanne ni watu 64, kwa nusu kilo kila mmoja ni kilo 32 kwa siku, kama 20 hivi ni mbichi. Hizo zinaingia kwenye ndoo tatu za lita 20. Hamhitaji zaidi! Msafishaji azikusanye saa 12 jioni, amwage juu yake majivu au maranda kama zinaenda kwenye mboji, na asubuhi zitoke.

Ziende wapi? Kwa mfuga nguruwe, ila azichemshe nusu saa, maana mabaki ya kitimoto yanaweza kubeba homa ya nguruwe. Au mboji: ndoo moja mbichi kwa mbili za majani makavu, geuza kila wiki. Huku kwetu mboji haiozi kwa sababu inakauka, siyo kwa sababu imelowa. Ikamue kiganjani, isipotoa hata tone, mwagia maji. Nyama na pampasi zisiingie kabisa.

Kavu ni rahisi. Kanyaga makopo, kunjua maboksi uyafunge kamba, weka chini ya paa na ufunge midomo ya viroba, la sivyo upepo wa Julai utayapeleka kwa jirani. Mnunuzi aje kiroba kikijaa, si kabla.

Na anzeni na ghorofa moja, wiki mbili. Kila jioni msafishaji afunue ndoo mlangoni. Akikuta pampasi ndani, ndoo haibebwi, inabaki hapo hapo na mwenyewe.