Sungura wangu Mgebuka amerudi kula: majani yaliyomwinua, na yale yaliyonitia hasara

Jana mdogo wangu mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Dada, sungura wa mwanangu ameanza kunyanyuka baada ya kuumwa tumbo. Nimpe nini apate nguvu? Nimemwekea mkate na maziwa." Nikaweka simu chini kwanza. Mkate na maziwa! Nilijiona mwenyewe nilivyokuwa.

Hapa Ujiji wananiita Mama Sungura, wengine kwa heshima, wengine kwa kicheko. Kwao sungura ni kitoweo, na mtu anayekesha kwa ajili ya kitoweo basi kachanganyikiwa. Wacha wacheke.

Sungura wangu wa kwanza alinifia mikononi. Alikuwa na chafya tu. Muuzaji wa duka moja la dawa za mifugo, bila kuniuliza hata swali moja, akanipa amoksilini ya kumnywesha. Siku ya pili akaharisha, ya tatu nikamzika chini ya mwembe. Bwana mifugo alikuja kunieleza baadaye kwamba dawa za jamii ya penisilini, sungura akizinywa, zinaua vijidudu vyema vinavyomsaidia kusaga majani tumboni, na vibaya vinatawala. Yule muuzaji bado yupo na bado ananisalimia. Naitikia kwa sababu nimelelewa.

Mgebuka alikuja baada ya huyo. Jina kapewa na mwanangu, la yule samaki wa Ziwa Tanganyika, kwa ile rangi yake ya fedha. Mwezi wa saba, kiangazi kimekaza, nyasi zimekauka, nikawa namlisha kabichi za soko la Mwanga na vipande vya chapati, maana alivipenda mno. Jioni moja nikamkuta kajikunja kwenye kona, anasaga meno, tumbo limekaza kama ngoma, na chini ya banda hakuna kinyesi hata punje. Sungura hawezi kutapika, mjue hilo. Gesi ikijaa na utumbo ukasimama, ndiyo basi. Akimaliza masaa 12 hali wala hanyi, usisubiri kukuche. Bwana mifugo alimchoma sindano usiku uleule, na siku mbili zilizofuata zilikuwa za kumnywesha maji kwa bomba la sindano, kidogo kidogo.

Siku ya tatu akatoa vinyesi vitano. Nilivihesabu. Nikamwita mwanangu aje aone, tukapiga vigelegele kama kuna harusi.

Sasa majani. Ukoka, ukoka, ukoka! Kila asubuhi niliteremka Kibirizi, kule karibu na maji ambako haukauki, nikakata fungu na kuuosha. Nyuzinyuzi za nyasi ndizo zinazosukuma utumbo, na ndizo zinazosugua meno, maana meno ya sungura hayaachi kukua mpaka anakufa. Mwanzoni aliunusa akageuka. Nikamchanganyia vijiti viwili vya giligilani, ile harufu ikamfungua hamu. Baada ya hapo nikaongeza mchunga, kishona nguo machanga, matembele na kipande cha jani la mgomba, kila siku moja jipya, tena kiganja kimoja tu, ili kikimsumbua kitu nijue ni kipi. Jani la kongwa nalo analipenda, ila lina maji mengi. Liache linyauke nusu siku kwanza. Mchicha mara mojamoja. Karoti ni tamu kama peremende, mpe kipande cha ukubwa wa kidole gumba, si zaidi. Na ukimwona alfajiri anakula vile vinyesi vyake laini, mwache, ni chakula chake hicho.

Watu wa Kigoma tunapenda sombe, yaani kisamvu, na shina la muhogo halikosi nyuma ya nyumba. Usimtupie sungura majani yake mabichi, yana sumu. Ya nyanya, ya viazi mviringo, ya mparachichi na ya mbarika, vilevile hapana. Kitunguu hapana. Kabichi ina gesi, na huyu ndiyo kwanza gesi imemtoka! Wala usikate majani kando ya shamba lililopigwa dawa, au pale mbwa wa mtaa wanapokojolea.

Ndugu zangu, tuna tabia ya kumpa mgonjwa kile ambacho sisi tungekitamani. Mgonjwa wetu tunampelekea mkate na soda, basi na mnyama naye tunamfanyia hivyohivyo, halafu akifa tunasema siku zake zilifika. Mimi nilisema hivyo mara moja, na nilikuwa najidanganya. Siku hizi mwezi wa nne, nyasi zikiwa bado tele, nakata za kutosha, naanika kivulini na kujaza viroba vya kiangazi. Mgebuka sasa ana mashavu kuliko mimi, na wale waliokuwa wanacheka wiki iliyopita wameniuliza kama nauza watoto wake. Siuzi kwa mtu mwenye sufuria mkononi.

Mdogo wangu wa Kasulu, mwaga hayo maziwa sasa hivi, toa mkate, weka maji safi na ukoka banda zima. Kesho nitumie picha ya vinyesi, ya sungura mwenyewe siihitaji.