Mti Mwembamba Getini: Mbona Wangu Umenenepa?

SWALI: Habari yako mwandishi. Niko Lanet hapa Nakuru, ploti yangu ni ile ya 50 kwa 100 na njia ya gari ni nyembamba. Nilitaka ile miti imesimama wima kama mishumaa, nikanunua miche 12 kando ya barabara nikaambiwa ni saipresi ya Italia. Huu mwaka wa tatu imepanuka mpaka kioo cha gari kinaikwaruza, halafu miwili inakauka kuanzia ndani. Nikate na panga? – Mama Shiru

JIBU: Pole Mama Shiru, lakini panga liache kwanza. Nadhani uliuziwa saipresi ya kawaida, ile asili yake Meksiko, ndiyo hiyo hiyo tunakata kila Desemba tunaiita mti wa krismasi, na yenyewe kutanuka ni tabia yake hata uifanyie nini. Ile ya Italia matawi yake yanapanda juu yamekumbatia shina. Na hata hiyo ukipanda ya mbegu unaweza kupata mmoja mwembamba na jirani yake mnene, so siku nyingine ukienda nasari uliza mche umetoka kwa mbegu ama umekatwa kwa mti mama mwembamba. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, ondoka.

Sasa hiyo inayokauka. Fungua matawi kwa mkono uangalie vijiti vya ndani, ukiona vidudu vya kahawia vimejipanga, vidole vinanata, kuna weusi kama masizi na sisimizi wanapanda wanashuka, hao ni vidukari vya saipresi. Waliingia Kenya 1990 na fensi nyingi zilikauka wakati huo, wazee wa Njoro watakwambia. Piga maji ya sabuni kwa presha mpaka ndani kabisa, rudia baada ya siku chache, wakikataa beba kijiti kwa karatasi upeleke agroveti.

Ile 10 mizima mimi singeng'oa. Ifanye fensi, punguza kijani cha juu juu kidogo kidogo mara kwa mara, lakini usikate mpaka kwa matawi ya kahawia yasiyo na majani kwa sababu saipresi haichipuki tena hapo, utabaki na shimo unaliangalia kila ukifungua geti.

SWALI: Mimi niko Kisumu upande wa Kano, udongo ni ule mweusi unapasuka kiangazi na mvua ikija unakuwa matope. Nipande saipresi pia? – Omosh

JIBU: Omosh, wewe wachana na saipresi, haipendi miguu kukaa majini. Tafuta ashoki, mti wa kutoka India na Sri Lanka, majani marefu yenye mawimbi yananing'inia mpaka chini na joto la ziwani haulijali. Inua tuta kama futi moja na nusu, changanya samadi iliyooza vizuri na mchanga, panda juu ya tuta na si kwa shimo, maana shimo kwa huo udongo ni beseni. Mti na mti wacha mita moja na nusu hivi. Na usiupande karibu na mahali unapaki gari, popo wanapenda matunda yake sana na hawali wakaondoka bila kuacha kitu kwa boneti.