Usisubiri Mashine Kubwa Ndipo Uisome Polima

Wiki iliyopita dada mmoja anayesomea uzamili hapa Nairobi aliniandikia kwamba msimamizi wake anamtaka aachane na NMR, yaani kuchunguza vitu kwa sumaku na mawimbi ya redio, eti kusoma muundo wa polima (molekuli ndefu kama minyororo, mfano plastiki) kwa njia ya sumaku ni kazi ya wenye mashine kubwa. Mimi niliambiwa maneno hayohayo mbele ya jopo zima. Bado yananichoma.

Dada yangu, usiache. Mwaka 1945 huko Marekani, Edward Purcell na wenzake waliinasa ishara ya NMR, yaani mwitiko wa protoni (viini vya hidrojeni) ndani ya sumaku, kwenye nta ya parafini, jamaa wa karibu wa poliethilini. Poliethilini ya mtungi wa maji ni nusu fuwele: minyororo mingine imekunjwa kama leso kabatini, katika matabaka yenye unene wa nanomita 10 hivi, na mingine imevurugika katikati yake. Protoni za kwenye fuwele zimebanwa, kwa hiyo ishara yake huzimika ndani ya makumi ya mikrosekunde. Ya sehemu legevu hudumu zaidi. Tofauti hiyo huonekana hata kwenye mashine ndogo ya sumaku ya kudumu, isiyohitaji heliamu.

Mimi niliipata maabara ya mbegu, wanakopimia mafuta ya alizeti. Niliomba nikanyimwa, nikaomba tena, nikapewa saa za jioni wenyewe wakishaondoka. Nikayeyusha poliethilini, nusu nikaipoza ghafla kwa maji ya barafu, nusu nikaiacha ipoe taratibu. Iliyopoa taratibu ilikuwa na fuwele nyingi zaidi, waziwazi, na jopo lilelile likapitisha kazi yangu. Najivunia hilo.

Basi shika haya. Dhibiti joto la sampuli, maana likipanda sehemu legevu huzidi kulegea na vipimo havilinganishiki tena. Baada ya mpigo wa redio unaoziamsha protoni, mashine haisikii kitu kwa mikrosekunde kadhaa, na kinachopotea hapo ni ishara ya fuwele. Irudishe kwa mbinu ya mwangwi, yaani mipigo ya ziada inayoifanya ishara iibuke tena baadaye. Kati ya kipimo na kipimo subiri angalau mara 5 ya T1, yaani muda unaoonyesha kasi ya protoni kurudi kwenye utulivu wake. Wala usikimbilie kutoa namba moja tu ya asilimia ya ufuwele, kwani mpakani kuna minyororo iliyobanwa nusu, na hiyo ndiyo yenye habari.

Vijana wenzangu, tuache kuomba ruhusa ya kufikiri. Msimamizi akikataa tena, mpelekee grafu za ishara za sampuli mbili zilizopozwa tofauti, umwache azisome mwenyewe.