Ukienda Otavalo, lala huko Ijumaa

Wageni wengi nchini Ecuador hufika mji wa Otavalo siku ya gulio, Jumamosi, kwenye saa tano asubuhi wakitokea mji mkuu, Quito, gulio likiwa limeshafurika watalii wenzao. Mimi nakushauri uende Ijumaa na ulale hukohuko. Mabasi hutoka kituo cha Carcelén, kaskazini mwa Quito, na safari ni ya kama saa mbili tu.

Jumamosi alfajiri anzia mnada wa mifugo, pembeni mwa mji. Vaa koti zito, maana uko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari na baridi yake si ya mchezo. Pale watu wako kazini kwao: ng'ombe, nguruwe, kuku, na simbilisi, ambao huku milima ya Andes ni kitoweo cha sherehe. Nilimtazama mama mmoja akimtoa simbilisi guniani, akampapasa mgongo kwa kidole gumba, akamrudisha, akatoa mwingine. Muuzaji kimya, anangoja. Simama kando, usizibe njia, na usimpige mtu picha kabla hujamwomba. Akikataa, yaishe.

Jua likishapanda, nenda uwanja wa Plaza de los Ponchos, kwenye gulio la nguo. Chukua noti ndogondogo za dola, ndiyo fedha ya nchi tangu 2000. Noti ya 50 itakusumbua kupata chenji. Kupatana bei kupo, hasa ukichukua vitu viwili vitatu, ila usimkabe mtu koo. Enzi za Wahispania mababu wa wauzaji hawa, Wakichwa, wenyeji wa asili wa Andes, walilazimishwa kufuma kwenye karakana za mabwana. Leo wanafuma na kuuza wenyewe, mpaka ng'ambo, na mimi nafurahi kuilipa kazi hiyo bei yake.

Lakini jua unacholipia. Nguo nyingi za pale ni za mashine, nyuzi zake za viwandani, hata ukiambiwa ni sufu ya alpaka, mnyama wa kufugwa wa Andes. Mwombe muuzaji kipande cha uzi uliochomoza, ukichome pembeni: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu, uzi wa kiwandani huyeyuka ukaganda kidonge kigumu. Ukitaka kuona kitambaa kikifumwa kwa mkono, panda teksi hadi kijiji cha Peguche, ni karibu sana, kuna wafumaji wanaofanyia kazi nyumbani. Ukimpata anayekuonyesha kazi yake, nunua kwake.