Kabla hujahamia Clarkston, jua mpaka wake unaishia wapi

Ndugu wanaotaka kuhamia huku Georgia kutoka majimbo mengine huniuliza kodi ya nyumba na kazi. Ni ya lazima hayo. Lakini nawasihi waanze na swali jingine: nyumba unayoonyeshwa iko ndani ya mji wa Clarkston, au inatumia tu jina lake?

Hata jimbo lenyewe ulihakikishe. Clarkston ziko kadhaa. Iliyo jimbo la Washington inatazamana na Lewiston ya Idaho ng'ambo ya mto Snake, na miji hiyo imepewa majina ya wasafiri wavumbuzi William Clark na Meriwether Lewis. Michigan nako kuna Clarkston. Hii yetu haimhusu mvumbuzi yeyote. Ilipewa jina la W. W. Clark, mkurugenzi wa kampuni ya reli ya Georgia, ikawa mji rasmi mwaka 1882. Reli ndiyo iliyouzaa, na treni za mizigo bado zinapita katikati yake. Ukipanga ng'ambo ya reli na shule ya wanao, ondoka nyumbani mapema, maana treni ndefu ikifunga njia hakuna wa kuiharakisha.

Mji uko kama maili kumi kaskazini-mashariki ya katikati ya Atlanta, nje kidogo ya barabara ya mzunguko, I-285. Apatimenti nyingi zilijengwa enzi za miaka ya 1970 kwa ajili ya wafanyakazi wa Atlanta. Hao walipohamia mbali zaidi, nyumba zikabaki wazi na bei ikashuka. Basi wakaletwa wakimbizi: Wavietinamu, kisha Wabosnia, Wasomali, Waethiopia, Wabhutani, Waburma, na sisi Wakongo. Leo takribani nusu ya wakazi walizaliwa nje ya Marekani. Mama asiyejua Kiingereza atapata wa kusalimiana naye kwa Kiswahili, na kwa mama aliyeishi miaka kambini, jambo hilo si dogo hata kidogo.

Sasa nirudi kwenye mpaka, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Jina linaloandikwa kwenye barua zako ni la posta, si la serikali. Namba ya posta 30021 inasomeka Clarkston, lakini inafika hata mitaa iliyo nje ya mji, iliyo chini ya kaunti ya DeKalb moja kwa moja. Mji jirani wa Decatur ni hivyo hivyo: maelfu ya watu wanaandika Decatur kwenye anwani na hawamo katika mji wa Decatur. Utalala, utaamka, hutaona tofauti. Utaiona siku unapotafuta ripoti ya polisi, kwa sababu mji una polisi wake na kaunti ina wake. Utaiona pia ukishakuwa raia na ukataka kumchagua meya. Jirani yangu alijiandaa kupiga kura ya meya kwa hamu kubwa, akakuta jina la meya halimo kabisa kwenye karatasi yake ya kura. Apatimenti yake iko nje ya mstari. Kwa Clarkston, shule ni jambo moja lisilobadilika, kwani za serikali ziko chini ya kaunti pande zote mbili.

Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba, peleka anwani kamili ofisi ya mji uulize kama imo. Usitegemee jibu la mwenye apatimenti. Yeye anajua posta.

Mpaka huohuo ndio unaoeleza idadi ya watu. Sensa ya 2010 ilihesabu wakazi 7,554, ya 2020 ikahesabu 14,756. Msidhani watu wote hao wamehamia au wamezaliwa. Katika miaka hiyo mji ulipanua mipaka yake ukameza mitaa ya jirani, na waliokuwa wa kaunti wakawa wa mji bila kuhamisha hata kiti.

Hesabu hiyo inagusa fedha za serikali kuu na mgawanyo wa viti vya uwakilishi, kwa hiyo inaniuma ninaposikia familia ya watu wanane imeandika wanne. Najua hofu yenyewe: mkataba wa nyumba unataja wanne. Sheria inakataza Idara ya Sensa kumpa mwenye nyumba, polisi au uhamiaji majibu yako. Kumbukumbu za mtu mmoja mmoja hufungwa kwa miaka 72. Sensa ya 2020 haikuuliza uraia. Mwaka huo mwongozo ulitolewa kwa lugha 59 zaidi ya Kiingereza, Kiswahili kikiwamo. Ijayo ni 2030, na siku inayoangaliwa ni tarehe 1 Aprili. Mwandike kila anayeishi kwako siku hiyo: mtoto mchanga, bibi, na binamu anayelala sebuleni kwa kuwa hana kwake.