Julian Bond alishinda uchaguzi. Baraza la Georgia lilipata wapi mamlaka ya kumnyima kiti?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma sheria mwaka wa tatu, niko Tanga. Tumepewa insha kuhusu mamlaka ya bunge juu ya wabunge wake, nami nimechagua habari za Julian Bond, aliyekuwa mjumbe wa bunge la jimbo la Georgia kule Marekani. Kinachonishinda ni hiki: mtu kashinda uchaguzi, umri umetimia, hana hatia yoyote mahakamani. Baraza lilipata wapi nguvu ya kumkataa? Na kama Mahakama ya Juu ilimrudishia kiti, mbona mtu mwenye jina kubwa hivyo hakufika Congress, yaani bunge la Marekani nzima? Halafu, je, jambo hilo laweza kutokea kwetu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umechagua kesi ninayoipenda na ninayoirudia kila mwaka darasani. Kabla ya yote tukubaliane maneno: Georgia nitaiita jimbo, na sehemu aliyochaguliwa Bond nitaiita eneobunge, ingawa huko Tanga nayo mnaiita jimbo. Na nikisema Baraza, nina maana ya Baraza la Wawakilishi la Georgia, moja ya sehemu mbili za bunge la jimbo; nyingine ni Seneti. Tukichanganya hapo tutapotea mapema.

Anza na mipaka, maana bila mipaka mtu huyu asingekuwa na kiti cha kunyang'anywa. Kwa miongo mingi maeneobunge ya Georgia yalichorwa kwa namna iliyowapa watu wachache wa mashambani wajumbe wengi, na watu wengi wa Atlanta wajumbe wachache. Mwaka 1962, katika kesi ya Baker dhidi ya Carr, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema malalamiko kama hayo yanaweza kusikilizwa mahakamani. Mwaka 1964, katika Reynolds dhidi ya Sims, ikaamua kwamba maeneobunge yawe na idadi ya watu inayokaribiana. Georgia ikalazimika kuchora upya, Atlanta ikapata viti vipya, na Juni 1965 ukafanyika uchaguzi maalumu. Bond, kijana wa miaka 25, akachukua kiti cha eneobunge namba 136 kwa asilimia 82 ya kura.

Hakuwa mgeni wa siasa. Mwaka 1960, akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Morehouse, alikuwa miongoni mwa waasisi wa SNCC, ile kamati ya wanafunzi iliyopigania haki za Weusi bila kutumia nguvu, na baadaye akawa mkuu wa mawasiliano yake. Msomaji wa Kenya atapenda kujua kwamba Desemba 1963, siku chache tu baada ya uhuru wa Kenya, Oginga Odinga alipopita Atlanta, vijana wa SNCC walikwenda kumwamkia hotelini. Wakatoka hapo, wakaingia mkahawa wa jirani, wakanyimwa huduma, wakaishia rumande. Hiyo ndiyo Atlanta ambayo Bond alikuwa akiiandikia taarifa za magazeti.

Sasa tuingie kwenye kisa chenyewe. Tarehe 3 Januari 1966, huko Tuskegee, Alabama, kijana Mweusi aitwaye Sammy Younge, aliyewahi kutumikia Jeshi la Wanamaji, alipigwa risasi akafa katika ugomvi wa choo cha Wazungu kwenye kituo cha mafuta. Siku tatu baadaye SNCC ikatoa tamko kupinga vita vya Vietnam. Ilisema serikali inadanganya inapodai kuwapigania watu wa mbali uhuru ambao raia wake Weusi hawana, na kwamba inawaunga mkono vijana wasiotaka kuitikia mwito wa jeshi. Mwenyekiti wa SNCC wakati huo alikuwa John Lewis. Lishike jina hilo, tutalirudia.

Bond hakuliandika tamko hilo. Mwandishi wa redio alimpigia simu siku ileile akamuuliza kama analikubali, naye akasema ndiyo. Basi wajumbe 75 wa Baraza wakawasilisha maombi ya kumpinga asiapishwe. Ilipofika Januari 10, siku ya kiapo, wenzake Weusi waliochaguliwa katika uchaguzi uleule waliapishwa. Yeye karani wa Baraza akakataa kumwapisha mpaka maombi yale yaamuliwe. Piga picha: ukumbi umejaa, wenzako wameinua mikono, wewe umeambiwa kaa kando.

Jioni hiyo kukawa na kikao cha kamati maalumu. Waliomhoji walimbana kuhusu waliokuwa wakichoma kadi zao za kuandikishwa jeshini. Bond akajibu kwamba anastahi ujasiri wa mtu anayefanya jambo akijua gharama yake, lakini hajawahi kumshauri mtu yeyote achome kadi. Yake mwenyewe, akasema, iko mfukoni, na wakitaka ataitoa waione. Hapo ndipo ninapowasimamisha wanafunzi wangu, kwa sababu sehemu kubwa ya hoja ya kisheria imo ndani ya mfuko huo. Wanamtuhumu kuwa anachochea watu kuvunja sheria ya jeshi, na ushahidi kwamba yeye mwenyewe ameitii yuko nao kifuani. Hata hivyo kamati ilimkataa, kisha Baraza zima likapiga kura: 184 kwa 12, asiapishwe.

Ulikuwa unauliza mamlaka yametoka wapi. Katiba ya Georgia, kama ile ya Marekani yenyewe, inasema kila baraza ndilo mwamuzi wa uchaguzi na sifa za wajumbe wake. Kifungu hicho asili yake ni Uingereza, ambako bunge liligombana na wafalme waliotaka kuamua nani aingie na nani atoke. Kilikuwa ngao ya bunge dhidi ya mfalme. Lakini ngao hiyohiyo bunge laweza kuigeuza dhidi ya wapiga kura. Waingereza wenyewe walishafanya hivyo: John Wilkes alichaguliwa na watu wa Middlesex, akafukuzwa mwaka 1769, akachaguliwa tena na tena, na mwishowe kiti akapewa aliyeshindwa. Ilichukua hadi 1782 kwa bunge lile kulifuta azimio lake katika kumbukumbu.

Georgia haikudai kwamba Bond hana sifa zilizoandikwa. Umri, uraia, makazi, vyote alikuwa navyo, na pande zote zilikubali. Hoja yao ilikuwa ya ujanja zaidi. Mjumbe sharti aape kuilinda Katiba ya Marekani na ya Georgia. Mtu aliyesema maneno yale, wakadai, hawezi kuapa kwa moyo wa kweli. Kwa hiyo hawakuongeza sharti jipya kwa maandishi. Walijipa kazi ya kupima moyo.

Bond akaenda mahakama ya shirikisho, na Martin Luther King, aliyekuwa mkazi wa eneobunge hilo, alikuwa miongoni mwa walioshtaki pamoja naye. Huko akashindwa kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Ukiisoma hukumu hiyo usiiruke ya jaji Tuttle aliyepinga: yeye aliona sifa za mjumbe zilizotajwa katika katiba ya jimbo ndizo hizo hizo, Baraza halina ruhusa ya kubuni nyingine. Wakati rufaa ikisubiri, kiti kikatangazwa kuwa wazi, uchaguzi mdogo ukafanyika Februari 1966, watu wakamchagua tena. Akakataliwa tena. Novemba, uchaguzi wa kawaida, wakamchagua mara ya tatu.

Desemba 5, 1966, Mahakama ya Juu ikatoa hukumu kwa kauli moja, majaji wote tisa, ikiandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren. Ina mambo matatu unayohitaji. La kwanza, jimbo lina haki ya kudai kiapo, lakini wingi wa wajumbe hauna haki ya kukitumia kiapo hicho kupima unyofu wa mjumbe mwenzao aliye tayari kuapa. La pili, maneno ya Bond hayakuwa uchochezi wa kuvunja sheria. Raia wa kawaida asingeweza kuhukumiwa kwa kuyasema. La tatu ndilo linalonigusa zaidi. Georgia ilijitetea kwamba mjumbe hubanwa kuliko raia wa kawaida, kwa kuwa amebeba dhamana. Mahakama ikaigeuza hoja hiyo juu chini: mjumbe, kwa sababu ni mwakilishi, ana wajibu wa kusema msimamo wake katika mambo yenye utata, ili waliomchagua wajue wamemchagua nani na wapime kama anawafaa. Januari 1967 Bond akaapishwa.

Jihadhari usichanganye vitu viwili ambavyo wanafunzi wengi huvichanganya: kukataliwa mlangoni na kufukuzwa ukiwa ndani. Bond alikataliwa mlangoni. Vivyo hivyo Adam Clayton Powell wa Harlem, aliyenyimwa kiti cha Congress mwaka 1967. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ikasema Baraza la Wawakilishi la Congress haliwezi kumkataa mtu aliyetimiza umri, uraia na makazi. Kumfukuza mjumbe aliyekwisha kuapishwa ni mamlaka mengine, na huko Congress yanahitaji theluthi mbili ya kura. Tennessee ilifanya hivyo Aprili 2023, ilipowafukuza Justin Jones na Justin Pearson kwa maandamano ndani ya ukumbi. Mabaraza ya maeneo yao yakawarudisha kwa muda, na Agosti wapiga kura wakawarudisha kabisa.

Lipo tukio lingine la Bond ambalo ningekushauri uliweke sambamba na lile la 1966. Agosti 1968, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, alifika na ujumbe mbadala wa Georgia kuupinga ujumbe rasmi uliopangwa na wafuasi wa gavana Lester Maddox, mbaguzi wa wazi. Mkutano ukavigawa viti vya Georgia baina ya makundi hayo mawili. Siku hizohizo jina lake likapendekezwa kuwa mgombea wa makamu wa rais. Akasimama akajitoa: Katiba inadai miaka 35, yeye ana 28. Mwaka 1966 alitimiza kila sharti lililoandikwa, akazuiwa kwa sharti lisiloandikwa popote. Mwaka 1968 palikuwa na sharti moja lililoandikwa ambalo hakulitimiza, naye akaliheshimu bila kuambiwa mara mbili. Mtu huyo ndiye aliyeambiwa hawezi kuapa kwa dhati kuilinda Katiba.

Alikaa Baraza la Wawakilishi la Georgia hadi mwanzoni mwa 1975, kisha Seneti ya jimbo hadi 1987. Mwaka 1971 alishiriki kuanzisha Southern Poverty Law Center, shirika la kutetea haki za kiraia mahakamani, akiwa rais wake wa kwanza. Huko Seneti, mapema miaka ya 1980, mipaka ikamrudia mikononi. Alipigania eneobunge la tano la Congress, la Atlanta, lichorwe kwa namna itakayowapa Weusi nafasi ya kweli ya kuchagua mtu wao. Bunge la Georgia likapunguza nguvu pendekezo lake; mwaka 1982 mahakama ya shirikisho, katika Busbee dhidi ya Smith, ikaona kwamba mchoro wa bunge ulikuwa na nia ya ubaguzi. Bunge likalazimika kuchora upya, na Weusi wakawa wengi zaidi katika eneo hilo.

Kiti kikawa wazi mwaka 1986, mwenye nacho, Wyche Fowler, alipogombea Seneti ya Marekani. Bond akaingia kwenye mchujo wa chama, akaongoza duru ya kwanza lakini hakufikisha nusu. Katika marudio alikabiliana na nani? John Lewis, rafiki yake wa miaka mingi, mwenyekiti yuleyule wa SNCC ambaye tamko lililotolewa chini yake lilimgharimu Bond kiti miaka 20 nyuma. Kampeni ikawa chungu. Lewis alimtaka waende wote kupimwa dawa za kulevya, Bond akakataa. Lewis akashinda kwa takriban asilimia 52 kwa 48. Bond alipata kura nyingi za Weusi. Lewis akazoa kura za Wazungu, akaongeza sehemu ya Weusi, ikamtosha. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili si la kisheria hata kidogo: wapiga kura wa eneo alilolipigania walimchagua mwingine. Lewis alikaa kwenye kiti hicho mpaka kifo chake Julai 2020. Bond aliongoza bodi ya NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi, kuanzia 1998 hadi 2010, akafundisha vyuoni, akafariki Agosti 2015 akiwa na miaka 75.

Na kwetu? Kwa mlango ule wa Georgia, ni vigumu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 83, inapeleka swali la uhalali wa uchaguzi wa mbunge Mahakama Kuu, si kwa wabunge wenzake. Kenya nayo, ibara ya 105, inafanya vivyo hivyo na kuipa Mahakama Kuu miezi sita kuamua. Kiapo kipo, ibara ya 68 kwenu, lakini hakimpi mbunge mwenzako ruhusa ya kuupima moyo wako. Mlango wa kuangalia kwetu ni wa chama. Chini ya ibara ya 71 ya Tanzania, mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, ubunge nao unakwenda. Kwa maoni yangu hapo ndipo insha yako iwe na meno: uliza ni nani anayemnyang'anya mpiga kura mwakilishi wake pale chama kinapomfukuza mbunge kwa maneno aliyoyasema, kisha uisome hoja ya tatu ya Warren ukiwa na swali hilo mkononi.

Hukumu yenyewe itaje hivi: Bond v. Floyd, 385 U.S. 116, ya mwaka 1966. Floyd ni mjumbe mwenzake katika Baraza lile. Isome yote, ni fupi, kisha uisome ya Powell, ambayo ni ndefu na ndiyo inayosimulia habari za Wilkes. Ukimaliza rasimu nitumie.